Kinundu Kati ya Vilele Viwili

Nilikuwa nimeshavuta matone ya sampuli ndani ya sindano nyembamba, naitazama kwenye mwanga kama ina povu, Mzee Saadon wa kitaluni alipogonga kioo cha mlango kwa pete yake. Sikugeuka. Povu likiingia kwenye mashine, nusu saa imepotea. Niligonga sindano kwa ukucha, nikasukuma tone moja nje, nikaichoma kwenye mashine, nikageuza mpini, nikabonyeza saa. Ndipo nikaenda mlangoni.

"Kiah," alisema, "nijibu kitu kimoja tu niondoke. Ni kweli miche inateketezwa kesho?"

"Ndivyo nilivyosikia, mzee. Saa mbili asubuhi."

"Usiniambie ulichosikia. Namba umeandika wewe."

"Nimeandika mimi."

"Yote elfu kumi na nne?"

"Ukoo wa kumi na saba wote."

Alitazama chini. Viatu vyake vya mpira alikuwa ameviacha kwenye ngazi, kama tunavyofanya sote, na soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. "Miezi kumi na moja nainywesha ile miche," alisema. "Ungeniambia ina wadudu, ningekubali. Ungeniambia imeoza mizizi, ningeing'oa mwenyewe. Lakini nenda kaitazame. Bi harusi hang'ari vile."

"Kwa majani huwezi kujua."

"Najua siwezi kujua! Ndiyo inayonichoma hiyo." Alivuta pumzi. "Nimefunga, Kiah. Ngoja nikae pale, nisije nikasema neno la kunivunjia swaumu."

Akaenda kuketi kwenye benchi la ukumbini, mikono juu ya magoti.

Alikuwa na haki ya kuchomwa. Mchikichi ulioanzia chupani, kwa kukuzwa kutoka kipande cha mti mama, hauonyeshi kasoro yake ungali mdogo. Unatoa majani mazuri, unahamishwa shambani, mwenye shamba anaupalilia na kuutia mbolea miaka mitatu au zaidi, kisha siku ya kutoa chikichi, kila tunda linakuja limejivika magamba ya nyama pembeni kama mtu aliyevaa joho. Mafuta hamna. Mengine huanguka mabichi. Tunaiita kasoro ya joho, na mwenye ekari kumi za miti ya namna hiyo hana la kufanya ila kuikata na kuanza upya. Mwaka ule familia sitini za wakulima zilikuwa zinangoja miche kutoka kwetu.

Kazi yangu ilikuwa kuijua kasoro hiyo kabla ya miaka mitatu. Kwenye DNA ya mchikichi, sehemu moja ya sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA, huwa imebandikwa alama ndogo ya methili. Mti mama wa ukoo wa kumi na saba, ambao chikichi zake tunazijua kwa miaka kumi na minane, una alama hizo kwenye sitosini ishirini na mbili na nukta nne katika kila mia. Miche iliyotokana na kipande chake ilipaswa kuwa hapohapo. Ikipungua chini ya ishirini na moja, kituo chetu hakiigawi. Jumatatu niliandika kwamba imeshuka hadi kumi na tisa na nukta saba, nikatia saini. Daktari Hisyam, mkuu wa maabara, akatia saini chini ya yangu. Hati ya kuteketeza inataka saini mbili, si moja.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa narudia mabaki ya vichupa kabla ya kuyamwaga, jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Niliingia maabara ile kama mwosha vyombo vya kioo, miaka ishirini na sita iliyopita, na mashine niliisoma kwenye kitabu chake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni. Mtu aliyejifunza hivyo hamwagi kitu haraka.

Niliketi mbele ya skrini. Ndani ya mashine, pampu ilikuwa inasukuma sampuli kupitia mrija wa chuma wenye urefu wa shibiri, ulioshindiliwa unga mweupe. Kila kipande cha DNA hushikwa na unga huo kwa muda wake, kisha huachiwa, na kikipita mbele ya taa, mstari kwenye skrini hupanda na kushuka kama kilima. Kilele cha kwanza ni sitosini. Baada yake sitosini yenye methili, kisha guanini, thimini, na mwisho adenini, mvivu kuliko wote.

Sitosini ilipanda, ikashuka. Kabla methili haijaanza kupanda, mstari ukavimba kidogo. Kinundu. Unene wa ukucha wa mtoto, basi.

Nilikuwa nimekiona Jumatatu. Lazima niseme hivyo. Nilikiona na nikakiita uchafu wa taa.

Nilivuta faili, nikazipanga karatasi mezani. Sampuli nane za ukoo wa kumi na saba, kinundu kwenye zote nane, mahali palepale, dakika ya nne na nusu. Sampuli nne za mti mama, mstari laini kama uzi. Uchafu wa taa hauchagui mgonjwa.

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe cha taa.

Taa ya mashine yetu tunaiweka kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita mia mbili na themanini, kwa sababu hapo methili huonekana vizuri kuliko penginepo. Lakini kipo kipande kingine ambacho hapo hakionekani sawasawa, hata kikiwa kingi: urasili. Na DNA haina urasili. Yenye urasili ni RNA, ndugu yake, ambaye kwenye jani huishi pamoja naye na ambaye sisi tunapaswa kumwondoa kabisa kabla ya kupima. RNA nayo ina sitosini, sitosini tupu isiyo na methili. Asidi tunayoipikia sampuli ikishavunja kila kitu, sitosini ya huyu na ya yule ni kitu kimoja, hakuna mashine ya kuzitenganisha. Kama RNA ilibaki kwenye vichupa vyangu, basi sitosini tupu ilionekana nyingi, na methili ikaonekana imepungua bila kupungua.

Au ilikuwa imepungua kweli, na RNA ikaongezea. Hilo pia liliwezekana.

Niligeuza taa hadi mia mbili na sitini, ambako urasili haina pa kujificha, nikangoja mstari utulie, nikachoma sampuli ileile. Dakika ishirini. Saa ya ukutani ilikuwa tisa kasoro dakika tano.

Hapo ndipo niliposikia lori.

Mzee Saadon alisimama kabla yangu. Kupitia dirisha la ukumbini tuliliona likiingia lango la kitalu, tangi jeupe la kuchanganyia dawa ya kuua mimea nyuma yake, na wanaume watatu wamekaa juu ya mapipa, nyuso wamezifunga kwa vitambaa.

"Kesho, eti," alisema Mzee Saadon.

Mashine hujiendesha ikishaanza. Nilivua koti la maabara, nikavaa viatu, tukashuka pamoja, yeye mbele, karibu anakimbia. Mkandarasi, Bwana Loganathan, alikuwa tayari amefungua bomba la maji kujaza tangi. Ni mtu mnene, mcheshi, anayefahamiana na kila mtu kituoni.

"Mzee wangu!" alisema. "Usinitazame kama nimekuja kuoa binti yako bila mahari."

"Siku ni kesho," alisema Mzee Saadon.

"Siku ni kesho, lakini jua ni la leo na kesho. Hawa vijana wamefunga. Niwavalishe mavazi ya mpira saa mbili asubuhi, saa nne wazimie, niwabebe mimi? Nina mgongo? Leo alasiri jua linashuka, tunapiga dawa, wanaondoka, wanawahi futari. Nimempigia Daktari simu, amesema sawa."

"Bwana Loganathan," nilisema, "nipe muda. Kuna kipimo narudia."

"Dada Rokiah, wewe nakuheshimu. Lakini mimi nina karatasi." Aligonga mfuko wa shati. "Wewe una karatasi?"

"Bado."

"Basi tufanye hivi. Kujaza maji na kuchanganya ni dakika arobaini, nikienda polepole kama bwana harusi. Dawa ikishachanganyika siirudishi kwenye galoni. Niletee karatasi kabla ya hapo, nitaondoka na tangi langu nikiimba."

"Dakika arobaini," nilisema.

"Arobaini. Na mzee huyu aondoke kwenye bomba langu, amelikanyaga."

Ni kweli, Mzee Saadon alikuwa amesimama juu ya bomba kwa miguu yote miwili, na maji hayakuwa yanapita. Hakushuka hadi nilipomshika mkono.

Niliporudi, mstari ulikuwa unamalizia adenini. Nilivuta picha nyuma hadi dakika ya nne na nusu. Kinundu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kilele kamili, chembamba, chenye ncha.

Ingekuwa rahisi kupiga kelele na kukimbia. Lakini urasili inaweza kutoka mahali pengine: asidi ikipikwa kupita kiasi huibadili sitosini yenyewe kuwa urasili. Kama ni hivyo, kosa ni la asidi, na mti mama, aliyepikwa siku hiyohiyo kwenye beseni lilelile la maji moto, naye angekuwa nayo. Ilikuwa lazima nimpime kwenye mia mbili na sitini. Dakika ishirini nyingine. Niliosha mrija kwanza, masalia ya miche yasije yakaingia kwake, nikachoma mti mama saa tisa na dakika thelathini na moja.

Mtu anaweza kuisukuma pampu kwa kasi mara mbili. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Shinikizo lingepanda, vilele vingesogeleana, na kitu kidogo kati ya sitosini na methili kingemezwa. Ningepata jibu la haraka lisilo na maana. Nikaondoa mkono, nikaukalia.

Nje, injini ya tangi ilianza kunguruma. Ndivyo dawa inavyokorogwa.

Daktari Hisyam aliingia, mkoba tayari begani. Alikuwa mwembamba, msafi, mtu wa kusema kwa sauti ya chini anapokasirika. "Loganathan anasema umemwambia angoje."

"Ndiyo, Daktari."

"Nimealikwa futari na watu wa wilaya. Watauliza kama kitalu kimesafishwa. Nataka kuwaambia kimesafishwa. Kuna nini?"

Nilimwonyesha kinundu, kisha kilele. Aliinama, akavaa miwani. Yeye ni mtaalamu wa mimea, lakini si mtu wa kudanganywa. "Urasili," alisema. "RNA?"

"Au asidi. Mti mama yuko njiani. Bado dakika tatu."

"Lakini RNA uliitoa. Kuna kimeng'enya cha kuikatakata, kuna kuosha. Umefanya hivyo miaka yote."

Hapo nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimeelewa pale kwenye bomba la Loganathan, aliposema vijana wawahi futari.

"Kimeng'enya kinaikatakata," nilisema. "Vipande vinabaki majini. Kinachoviacha majini ni muda. Tunamwaga spiriti, tunaweka friza nusu saa, DNA inaganda inashuka, vipande vya RNA havijawahi kushuka, tunavimwaga. Nusu saa, Daktari."

"Najua."

"Mti mama nilimtoa mwezi wa Shaaban. Nusu saa. Hii miche niliitoa siku ya tatu ya mfungo. Saa kumi na robo ndiyo nilikuwa namwaga spiriti, na saa kumi na nusu mlinzi anafunga."

Aligeuka akaitazama friza.

"Nikailaza friza mpaka asubuhi," nilisema. "Kama tunavyofanya sote mwezi huu. Baridi ya usiku kucha inashusha kila kitu, hata vipande."

Ni kweli kwamba sote tulikuwa tukifanya hivyo. Ramadhani jengo linafungwa mapema, foleni kwenye soko la futari ni ndefu, na kila kilicho kwenye friza hulala kwenye friza. Hakuna aliyeona ubaya. Tulidhani baridi ikizidi inasaidia.

Daktari Hisyam alivua miwani. "Ile asubuhi uliniita," alisema taratibu. "Ukanionyesha mavuno. Ulisema hujawahi kupata tonge kubwa vile chini ya kichupa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema baraka za mwezi."

"Ndiyo, ulisema."

Alicheka kidogo kwa pua, bila furaha, kisha akaacha. Tulitazama skrini. Sitosini ya mti mama ilipanda kama mnara, ikashuka. Dakika ya nne. Nne na robo. Nne na nusu. Mstari ulilala. Ulilala mpaka methili ilipouinua.

"Si asidi," alisema.

"Si asidi."

"Basi toa. Pima urasili, kadiria sitosini iliyokuja nayo, toa kwenye hesabu, nipe namba ya kweli."

Nilikuwa nimeshafanya nyuma ya karatasi. RNA haibebi urasili na sitosini sawasawa. Hutegemea ni RNA gani. Nikikadiria sitosini kuwa kidogo, miche inapanda hadi ishirini na nukta saba. Nikikadiria kuwa nyingi, ishirini na moja na nukta saba. Mstari wa kituo, ishirini na moja, unapita katikati.

Alizisoma. "Kwa hiyo huwezi kuniambia ni mizima."

"Siwezi."

"Na huwezi kuniambia ni mibovu."

"Jumatatu niliweza. Leo siwezi."

"Rokiah." Sauti yake ilishuka zaidi. "Nikisimamisha leo, kesho ukaniambia ni mibovu, nitaonekana mtu wa kuyumba. Ukaniambia ni mizima nayo si mizima, wakulima sitini watanilaani mpaka kaburini. Nikiiteketeza, nimepoteza miche tu. Unanielewa? Miche tunaweza kuotesha tena."

Lilikuwa neno la mtu mwenye dhima, na sikuliona baya. Nilifikiri nililo nalo mkononi, nikaona ni karatasi ya Jumatatu. Niliitoa kwenye faili. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari mmoja juu ya saini yangu, nikaandika tarehe na saa pembeni.

"Namba ni zangu, na si sahihi," nilisema. "Sijui za kweli ni zipi, lakini hizi siyo. Siwezi kuziacha zisimame."

Aliivuta karatasi karibu. Saini yake ilikuwa imebaki peke yake chini ya ukurasa.

Injini ya tangi ilibadilisha mlio. Ilikuwa inanguruma, sasa ilianza kuvuma kwa nguvu, na ndani ya mvumo huo ukasikika mpulizo wa dawa, psss, psss.

Daktari Hisyam alitoka mbio. Sijapata kumwona akikimbia, wala kabla wala baada ya siku hiyo. Alipita viatu vyake kwenye ngazi, akavuka uwanja kwa soksi, mkoba unamgonga mgongoni, na mkono ameuinua. "Loga! Loga! Funga!"

Loganathan alikata injini. Wale vijana watatu walisimama na mikuki yao ya kupulizia dawa, matone yakidondoka. Mstari wa kwanza wa miche ulikuwa umelowa mpaka mwisho, na wa pili hadi katikati.

"Dakika arobaini na tatu," alisema Loganathan, akinionyesha saa yake ya mkononi. "Nimeongeza tatu za urafiki, dada. Nilitazama mlango wako, hukutoka."

"Ni kweli," nilisema. "Sikutoka."

Mzee Saadon hakusema na yeyote. Alikuwa ameshavuta bomba la maji na alikuwa anaosha miche iliyolowa, mche mmoja mmoja, akiinua kila jani kwa vidole kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Alijua kama nijuavyo kwamba majani yale yanafyonza haraka. Miche kama mia nne hivi. Daktari alimtazama, na soksi zake zikinyonya matope.

"Mpaka kesho," Daktari alimwambia Loganathan. "Adhana ya adhuhuri. Ukiisikia adhana na hujapata karatasi mpya kutoka kwangu, rudi kazini."

"Na hii iliyomo kwenye tangi? Ikilala inapoteza nguvu."

"Itachanganywa nyingine."

"Ah. Wenye elimu." Loganathan aliwapungia vijana wapande lori. "Mzee Saadon! Naacha tangi hapa. Usije ukalimwaga usiku ukasema ni paka."

"Nitalimwagia kichwani kwako," alisema Mzee Saadon bila kugeuka.

"Ametamka! Amerudi duniani, alhamdulillahi ya kwenu."

Daktari Hisyam alirudi nami mpaka kwenye ngazi. "Nitajuaje kwamba ni friza?" aliuliza. "Watu wa makao makuu wataniuliza hivyohivyo."

"Nitatoa mti mama upya, vichupa vitatu. Viwili nusu saa. Kimoja nitakilaza friza mpaka asubuhi, makusudi. Kikija na urasili, methili ikashuka, basi friza ndiyo."

"Na miche?"

"Sita, mipya, kutoka kona zote za kitalu. Nusu saa."

Alivaa viatu juu ya soksi zilizoloa. "Nitamwambia mlinzi asifunge," alisema. Alipofika kwenye gari akasimama. "Wengine wote waliolaza vitu friza mwezi huu. Utaniandikia orodha?"

"Kesho. Baada ya hili."

Mzee Saadon alinichumia majani, yale machanga ya katikati ambayo hayajafunguka, akiyaweka kila moja kwenye mfuko wake na kuandika namba ya mche kwa mwandiko wa shule ya zamani. Nilisaga kwenye naitrojeni baridi mpaka yakawa unga wa kijani, moshi mweupe ukinimwagikia viganjani. Beseni la maji moto. Kutikisa, kuzungusha, kunyonya maji ya juu bila kugusa utando wa kati. Nilinyonya polepole zaidi na kuacha zaidi. Mavuno madogo hayakunisumbua. Kimeng'enya kiliingia saa kumi na mbili na dakika ishirini, dakika arobaini kwa saa ya kengele, na sikutoka chumbani.

Saa moja kamili nilimwaga spiriti kwenye vichupa tisa, nikavigeuza juu chini mara kumi kila kimoja, nikaviweka friza, nikaandika saa. Vingetoka saa moja na nusu. Magharibi siku hiyo iliingia saa moja na dakika ishirini na moja, katikati kabisa.

Mle ndani hakuliwi wala hakunywewi. Nilivua glavu, nikanawa, nikaketi kwenye ngazi mahali ambapo ningeiona saa ya ukutani kupitia kioo. Mzee Saadon alikuwa ameshakaa, na kati yetu alikuwa ameweka bakuli mbili za lambuk, uji wa mchele na nyama aliogawiwa msikitini, tende, na chupa ya maji. Adhana ilipopanda tulikula tende na kunywa.

"Mke wangu anauliza kama nimehamia huku," alisema baadaye.

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nimeposa bi harusi elfu kumi na nne, mia nne wameshanikimbia." Alikoroga uji wake. "Yale uliyoyafanya kwenye friza. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Hm." Alikula vijiko viwili. "Sijakasirika nawe kidogo. Nimekasirika sana. Nataka ujue, ila sitayasema hapa tunapofutari."

"Sawa, mzee."

"Kula nyama hiyo, umeiacha pembeni."

Nilikula nusu bakuli, macho kwenye saa. Dakika ya ishirini na tisa nilisimama. Vichupa vinane nilivitoa, cha tisa nikakiacha nyuma ya friza na karatasi nyekundu juu yake ili asije mtu akakitupa. Nilizungusha dakika kumi na tano. Nikamwaga. Nikaosha mara ya kwanza, nikamwaga, nikaosha mara ya pili. Chini ya kila kichupa kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kama punje ya chumvi iliyolowa, chembamba kuliko vile vya siku ya tatu ya mfungo. Sikutaka kukisoma kwa macho. Nilivipanga vikauke, vinywa wazi, chini ya kipande cha karatasi ya bati kilichotobolewa matundu.

Nilipunguza pampu iende taratibu mpaka asubuhi, nikazima taa ya mashine, nikaandika kwenye daftari: asidi saa moja, beseni, saa moja na robo hadi mbili na robo, kukausha, kuchoma mti mama kwanza, kwenye mia mbili na sitini na kwenye mia mbili na themanini pia, kisha miche, kwa mpangilio wa kubahatisha, namba zimefunikwa, nisijue ni upi.

Mzee Saadon alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Kesho saa ngapi utajua?"

"Wa kwanza saa tatu na nusu. Wote, karibu na saa sita."

"Na ikiwa ni mibovu?"

"Nitakuja kitaluni nikuambie mwenyewe. Sitamtuma mtu."

Aliitikia kwa kichwa, akavaa viatu vyake vya mpira. Nilifunga mlango, nikaujaribu mpini mara mbili, nikampelekea mlinzi ufunguo.

"Tayari, dada?" aliuliza mlinzi.

"Bado," nilisema. "Nifungulie saa kumi na mbili na nusu."